Kuzungusha injini ya lori kwa mkono: tathmini ya vyombo vinavyopatikana Lubumbashi

Kwa injini za Cummins 6BT na 6CT, zile zilizofungwa kwenye malori mengi ya Dongfeng, nunua chombo kinachoingia kwenye tundu la hauzingi ya flaiwili, yaani ganda la lile gurudumu zito lenye meno nyuma ya injini. Hata cha kuiga kinafaa, mradi ukikague kabla pesa haijatoka mfukoni. Kwa Caterpillar 3406E na C15, tafuta cha asili na uwe na subira mpaka ukipate. Kwa malori ya Howo, kinachofanya kazi vizuri kuliko vyote ni kile kinachotengenezwa hapa hapa mjini kutokana na pua ya stata (mota ya kuwashia) iliyokufa. Ile nondo yenye ulimi wa kung'ata meno, inayouzwa kwa jina la "ya magari yote", iache dukani. Tumetanguliza hukumu kwa sababu fundi anayetafuta habari hizi mara nyingi gari lake limeshafunguliwa na mwenye mali anasubiri.

Kazi zinazodai injini izungushwe taratibu ni nyingi: kupanga tapeti (nafasi za valvu), kufunga pampu ya mazutu (dizeli) kwenye alama zake, kuzifikia bolti za klachi moja moja, kukagua meno ya flaiwili, na kuihoji injini iliyolala muda mrefu kabla ya kuipa umeme. Katika garaji nyingi za barabara ya Kasumbalesa kazi hizi bado zinafanywa kwa njia tatu mbaya. Ya kwanza ni kuvuta mapanga ya feni. Cummins wenyewe wanakataza jambo hilo katika vitabu vyao, kwa sababu panga lililopindwa kidogo leo linaweza kukatika siku nyingine injini ikiwa kasi, na wakati huo huruka kama silaha. Ya pili ni bisibisi kubwa au mtalimbo kupitia tundu la stata: ncha inasukuma jino moja peke yake, jino linamegeka, au mdomo wa hauzingi ya alumini unapasuka. Ya tatu ni kugusagusa stata huku mwenzako ameinama juu ya roka (mikono inayosukuma valvu) na fila, kile kipimo cha nafasi, mkononi. Hiyo ya tatu ndiyo inayokata vidole. Stata haijui kusimama pale unapotaka, na fundi aliyepoteza ncha ya kidole hatarudishiwa na mtu yeyote. Chombo cha bei ndogo kinaondoa hatari hizo zote, kwa hiyo kukosekana kwake garajini hakuna udhuru.

Tuanze na cha Cummins, maana ndicho kinachopatikana kwa urahisi. Huuzwa kwa namba 3824591, na kuna kingine cha zamani cha namba 3377371. Ni silinda ya chuma inayoshikika mkononi, ndani yake ina shafti, mbele ina gia ndogo, nyuma ina tundu la mraba la kuingizia racheti ya inchi 1/2. Kwenye 6BT tundu lake liko upande wa ekzosi, kwenye hauzingi ya flaiwili, limezibwa kwa kizibo. Unang'oa kizibo, unasukuma chombo mpaka meno yashikane na meno ya flaiwili, unafunga racheti. Hakuna bolti wala bano. Faida yake kubwa ni kwamba stata inabaki mahali pake, na mtu mmoja anaweza kuzungusha na kupima bila msaidizi.

Kwa kuwa chombo kinaingia kikitokea mbele ya gari kuelekea nyuma, upande wa kuzungusha unawachanganya wengi. Injini hizi, ukizitazama kutoka mbele, huzunguka kwa kufuata mshale wa saa. Gia ya nje inayosukuma flaiwili huzunguka kinyume chake. Kwa hiyo racheti iwekwe ivute kinyume cha mshale wa saa ili krenki (shafti kuu ya injini) iende upande wake wa kawaida. Andika mshale kwa rangi nyeupe mgongoni mwa chombo siku ya kwanza, na jambo hilo halitajadiliwa tena.

Sasa vya kuiga. Muuzaji atakuambia, "Papa, hii ni orijinali," na pengine anaamini anachosema, kwa sababu boksi limechapwa vizuri. Usigombane naye, kikague chombo. Pitisha tupa nyembamba kwenye ncha ya jino moja: kwenye chuma kilichokomazwa tupa inateleza, chuma laini kinaacha unga. Laini hakifai, kwa sababu meno yake yatalala kwenye silinda ya kwanza yenye mbano mzuri. Shika ganda la nje, tikisa shafti: mchezo mdogo si neno, lakini ikiwa gia inayumba kwa macho, meno yatashikana kwa ncha tu. Ingiza racheti yako mwenyewe kwenye mraba na uipinde kushoto na kulia. Mraba uliotobolewa vibaya hugeuka duara mapema. Mwisho tazama jinsi gia ilivyofungwa kwenye shafti. Iliyochongwa pamoja na shafti ni bora, iliyopigwa pini ni sawa, iliyoshikwa kwa skrubu ndogo ya pembeni irudishe.

Kasoro inayorudi mara nyingi kwa vya kuiga ni unene wa ganda. Likiwa nene kuliko tundu, mtu atalipiga nyundo, na likishaingia hivyo litatoka na kipande cha hauzingi. Likiwa jembamba mno, gia inasukumwa mbali na flaiwili kila mzigo unapoongezeka, unasikia meno yakiruka. Pima kwa vernia tundu la gari lako kabla ya kwenda dukani na upime ganda huko huko. Bora zaidi, elewana na muuzaji kwamba utakirudisha kisipoingia.

Na meno je? Hapa kuna kipimo ambacho hakigharimu kitu. Beba pinioni, ile gia ndogo ya mbele, ya stata mbovu ya gari lilelile. Pinioni hiyo inashikana na flaiwili yako kila siku, kwa hiyo saizi ya meno yake ndiyo sahihi. Weka gia ya chombo kipya dhidi yake, uziviringishe pamoja kwa vidole. Zikizunguka laini bila kukwama wala kupanda, zinafaa. Zikigonga kila baada ya meno mawili matatu, usichukue, hata muuzaji akikupunguzia bei. Kipimo hiki kinafaa kwa gari lolote, kuanzia Dongfeng mpaka Scania.

Caterpillar wana chombo chao, namba 9S-9082, kinachotumia racheti ya inchi 1/2 vilevile na kuingia kwenye hauzingi ya flaiwili. Tunasisitiza cha asili kwa sababu ya kinachofuata baada ya kuzungusha: kwenye 3406E na C15 pistoni ya kwanza inathibitishwa kuwa iko juu kwa bolti ya taiming inayopita kwenye hauzingi na kujifunga ndani ya tundu la flaiwili. Bolti hiyo inadai usogeze flaiwili kwa vipande vidogo sana na isimame ulipoiacha. Gia yenye mchezo inairuhusu irudi nyuma kidogo, unahangaika na tundu ambalo liko nusu ya upana wa kidole pembeni. Ukilipita tundu, usirudi kidogo kidogo kulitafuta. Rudisha flaiwili nyuma kiasi cha digrii 30, kisha uje tena kwa upande wa kawaida mpaka bolti iingie. Sababu yake ni mchezo wa meno ya gia za mbele: ukija kutoka nyuma, flaiwili inaweza kuonyesha alama sahihi huku kamshafti (shafti inayofungua valvu) bado haijafika. Na kabla hujagusa racheti tena, ondoa bolti. Kwa nguvu ya chombo hiki bolti iliyosahaulika hukatika bila mkono kuhisi kitu kikubwa, na kipande kinabaki ndani ya flaiwili.

Volvo, Scania na Mercedes kila mmoja ana chombo chake, na hakuna kinachoingiliana. Wenye magari hayo kwa kawaida wana uhusiano na mawakala, waagize huko. Injini za Cummins K19 za migodini nazo zina kifaa cha kuzungushia kilichojengwa ndani ya injini, hakuna cha kununua.

Howo inastahili maneno mengi zaidi kwa sababu imejaa barabarani, kutoka Kasumbalesa mpaka Kolwezi. Injini yake ya WD615, yenye asili ya Steyr wa Austria, ina silinda sita na lita 9.726. Kutoka China kuna vyombo vya kuzungushia vilivyotengenezwa kwa ajili yake, lakini vinavyofika madukani huku vimechanganyika na vile vya injini nyingine za Weichai, na meno hayafanani. Ndiyo maana chombo cha mkereza vyuma kinashinda.

Kinatengenezwa hivi. Chukua stata iliyokufa ya modeli ileile. Chagua iliyokufa kwa waya kuungua au brashi kwisha, usichague iliyokufa kwa pinioni kuteleza. Sababu utaiona chini kidogo. Toa mota, toa solenoidi, toa uma. Baki na pua yenye matundu ya bolti, shafti, bushi na pinioni. Kwa kuwa pua inafungwa mahali palepale pa stata, umbali kati ya gia na flaiwili ni ule wa kiwandani, hakuna cha kukisia. Kata kipande cha bomba kiwe ukosi, ukivike kwenye shafti nyuma ya pinioni ili ibaki imesukumwa mbele. Bila ukosi huo springi itairudisha na meno hayatashikana. Kwenye mwisho wa shafti chomelea kichwa cha bolti ya milimita 24, au mwombe mkereza achonge mraba. Unapochomelea, funga kitambaa chenye maji kwenye shafti karibu na pinioni, kwa maana joto likifika kwenye meno linaondoa ukomavu wake na umepoteza faida yote ya kutumia pinioni ya kiwandani.

Baadhi ya stata za Howo zina gia za kupunguza mwendo ndani yake. Hapo chomelea kwenye shafti ya pinioni moja kwa moja, usipitie kwenye gia hizo. Ukipitia, mkono utakuwa mwepesi mno na hautahisi injini inakwambia nini.

Pinioni ya stata inasukuma upande mmoja tu, upande mwingine inaachia. Hilo ni zuri na ni baya. Zuri, kwa sababu pistoni ikishapita kilele na hewa iliyobanwa ikaisukuma krenki mbele ghafla, pinioni inaachia na mkono haupigwi. Baya, kwa sababu huwezi kurudisha injini nyuma, na kuna wakati unahitaji kurudi. Suluhisho la mafundi waliobobea ni kuwa na pua mbili, moja ya kawaida na nyingine ambayo sehemu ya kuachia imefungwa kwa kuchomelewa. Hapo ndipo ilipo sababu ya kukataa stata iliyokuwa inateleza: sehemu hiyo iliyochakaa inashika, inashika, kisha inaachia ukiwa umelalia mpini kwa uzito wote, na fundi anaangukia chesisi.

Ubaya mwingine wa chombo hiki ni kwamba lazima stata itolewe. Waya mnene wa betri hauna fyuzi. Waya huo ukigusa chesisi ni cheche na moto. Toa kwanza nyaya hasi za betri zote mbili, gari hizi ni volti 24. Na kwa kuwa stata imeshatoka, tumia nafasi hiyo kukagua meno ya flaiwili yote. Injini ya silinda sita ikizimwa hupenda kusimama katika sehemu tatu zilezile, digrii 120 kati yake, kwa hiyo meno huliwa katika mabaka matatu. Zungusha taratibu ukimulika tochi kwenye tundu la stata na utayaona yote matatu. Lori linalolia "krrr" siku fulani na kuwaka vizuri siku nyingine mara nyingi shida yake iko hapo, si kwenye stata waliyokwisha kuibadilisha mara mbili.

Ile nondo ya ulimi tumeikataa kwa sababu rahisi: inashika jino moja kwa wakati mmoja, inafanya kazi ileile ya bisibisi, tofauti ni mpini mrefu. Kwa kufunga flaiwili isizunguke wakati wa kukaza bolti inaweza kusaidia. Kwa kuzungusha, hapana.

Matumizi sasa. Gari liwe sehemu tambarare, vigingi kwenye magurudumu, gia nyutro, nyaya hasi za betri zimetolewa. Kwenye injini yenye pampu ya zamani, mkono wa kuzimia uvutwe na ufungwe kwenye hali ya kuzima. Kama kazi yako haihitaji mbano, toa nozeli zote za kupulizia mazutu. Krenki itazunguka kwa mkono mwepesi na meno ya flaiwili yatapumzika. Kama unapanga tapeti tu, si lazima: nenda polepole, na kila unapofika penye ugumu subiri kidogo, hewa ivuje kwenye ringi, kisha endelea. Tumia racheti yenye mpini wa kawaida. Usitumie mpini usio na racheti, kwa sababu pistoni ikipita kilele utachukuliwa nao.

Usiongeze bomba kwenye mpini. Hesabu yake ni hii: kama gia ya chombo ina meno 12 na flaiwili ina 132, nguvu yako inazidishwa mara 11. Mtu anayelalia mpini wa nusu mita kwa kilo 20 anatoa nguvu ya kuzungusha ya karibu Nm 100, na krenki inapokea Nm 1,100. Nguvu hiyo inatosha kupinda pushrodi au kusukuma valvu kwenye pistoni, kwa mkono, bila kelele. Wengi wanadhani kazi ya mkono haiwezi kuharibu injini. Kwa chombo hiki inaweza, na chombo kizuri ni kile kinachokuachia bado uhisi kilichoko ndani. Kwa uwiano huohuo, digrii 120 ni chini kidogo ya mizunguko minne ya racheti, na mzunguko kamili wa krenki ni 11. Hesabu kwa sauti, inasaidia.

Kwenye 6BT yenye pampu ya kimakanika kuna pini ya taiming, kitufe cha plastiki nyuma ya kasha la gia za mbele, chini ya pampu ya mazutu. Sukuma kitufe kwa kidole taratibu huku mwenzako anazungusha. Kikizama, pistoni ya kwanza iko juu kabisa kwenye mbano. Piga alama ya rangi kwenye dampa (gurudumu la mbele ya krenki) na kwenye kasha, kisha vuta pini nje kabla ya lolote. Pini hii ndiyo inayovunjwa kuliko kitu chochote kwenye injini hizo. Kipande chake kinaangukia kwenye gia, na kazi ya saa moja inakuwa ya kufungua mbele yote.

Pistoni ya kwanza ikiwa juu kwenye mbano, panga valvu za kuingiza za silinda 1, 2 na 4, na za kutoa za 1, 3 na 5. Zungusha krenki mzunguko mmoja kamili mpaka alama ya rangi irudi. Panga za kuingiza za 3, 5 na 6, na za kutoa za 2, 4 na 6. Mpangilio huu unafaa kwa injini za silinda sita zinazowaka 1-5-3-6-2-4, na Cummins hizi, Caterpillar hizi na WD615 zote ziko hivyo. Nafasi zenyewe: 6BT ya valvu 12 ni milimita 0.25 kuingiza na 0.51 kutoa, 6CT ni 0.30 na 0.61, 3406E na C15 ni 0.38 na 0.76; WD615 ya kawaida ni 0.30 na 0.40. Zote injini ikiwa baridi. Kwa Cummins hizo maji yawe chini ya digrii 60. Gari lililoingia sasa hivi kutoka Likasi lisifunguliwe, lisubiri. Kama huna hakika pistoni ya kwanza iko kwenye mbano au kwenye kutoa moshi, tikisa roka zake kwa mkono. Zote mbili zikiwa na mchezo, ni mbano. Ikiwa zimebana, zungusha mzunguko mmoja.

Sehemu yenye thamani kuliko zote kwetu ni uchunguzi wa injini iliyolala. Mvua za Lubumbashi zinaanza kabla ya mwisho wa mwaka na kuendelea miezi mingi, na lori linaloegeshwa uwanjani na bomba la moshi lililotazama juu bila kifuniko linakusanya maji mpaka kwenye valvu iliyobaki wazi. Gasketi ya silinda hedi iliyoungua na nozeli inayovuja mazutu hufanya vilevile. Maji hayabanwi. Kwenye WD615 kila silinda ina lita 1.62, na kwa uwiano wa mbano wa karibu 17 kwa 1, nafasi inayobaki pistoni ikiwa juu ni karibu mililita 100, chini ya nusu ya glasi. Kwenye 6BT ni kama 60. Maji kiasi hicho yakiwemo na ukapiga stata, mkono wa pistoni unapinda, na injini iliyohitaji kukaushwa tu inahitaji kufunguliwa yote. Kwa mwenye lori moja analolilipia, hiyo ni riziki ya mwaka.

Kwa hiyo zungusha mizunguko miwili kamili kwa mkono kabla ya kurudisha betri. Injini nzima ya silinda sita itakupa ugumu mara tatu kwa kila mzunguko, unaolingana, unaopanda polepole na kulegea kama hewa inavyovuja. Ugumu mmoja ukikosekana, silinda moja haishiki. Sikiliza: mfoko kwenye njia ya hewa ni valvu ya kuingiza, kwenye ekzosi ni ya kutoa, kwenye mdomo wa kujazia oili ni ringi au pistoni. Ukifika mahali panaposimama ghafla bila kulegea, acha mara moja. Jaribu kurudi nyuma. Ikirudi sehemu kubwa ya mzunguko, pengine kuna maji au mazutu: toa nozeli zote, funika matundu kwa kitambaa, usiweke uso juu yake, zungusha na yatatoka. Ikiwa inacheza nafasi ndogo tu mbele na nyuma, kuna chuma kinachogonga chuma, pengine valvu, gia, au kitu kilichoanguka ndani. Isipocheza kabisa pande zote, ringi zimeshikwa na kutu au beringi imekamata. Mimina oili nyembamba kwenye silinda, iache mpaka kesho, ujaribu kwa mpini uleule bila kuongeza bomba.

Jambo ambalo chombo hakifanyi: hakipeleki oili. Injini iliyofungwa upya isidhaniwe imelainika kwa sababu imezungushwa kwa mkono mara kadhaa. Pampu ya oili haifanyi kazi ya maana kwa mwendo huo. Oili isukumwe kwa njia yake kabla ya kuwasha.

Ukimaliza, toa chombo kabla ya kurudisha waya wa betri, usitoe baada. Chombo kilichosahaulika kwenye meno wakati stata inapigwa hutoka na racheti yake kwa nguvu inayovunja mguu. Garaji zinazojali hufunga utambi mwekundu kwenye usukani wakati wowote chombo kiko ndani, na aliyeufunga ndiye anayeufungua. Kizibo cha tundu kirudishwe nacho. Kikiwa kimepotea, kata cha mpira wa tairi la ndani na ukibane vizuri, kwa sababu vumbi jekundu la kiangazi likiingia humo linasaga klachi na meno kwa pamoja.